Enjenieri Aliyesoma Maisha ya Marehemu

Nikianza kusema alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, angenikatiza. Alikuwa hapendi. Ukimletea maisha ya marehemu yameandikwa "alizaliwa kijiji fulani, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani," alichukua kalamu akapiga mstari juu ya yote hayo, taratibu, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya chini: kazi ya kwanza aliyofanya huyu mtu ni ipi? Wafiwa walichukia. Watu wametoka kulia, macho yamevimba, na huyu anataka kujua marehemu alijua kufanya nini kwa mikono yake. Lakini walijibu, maana mtaani kwetu, karibu na stesheni ya Kamina, hakukuwa na mwingine aliyeandika vizuri kama yeye.

Sisi tulimwita Enjenieri. Jina lake nalijua ila siliandiki hapa. Alikuwa Mkasai, enjenieri wa kemia, na alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha shaba na kobalti kule kusini kabla ya kufukuzwa. Mimi ni mwenye duka. Watu wangu ni Waislamu wa Maniema, babu yangu alifika Kamina na biashara ya chumvi na vitambaa, nasi tukabaki. Duka langu linatazama reli. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo Enjenieri alikaa karibu kila siku kwa miaka sita. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukaa naye, na kwa ubishi, maana tulibishana sana. Leo hayupo. Ukoo mmoja wa hapa ulimpa siku tatu awe ameondoka, akaondoka na mke wake kuelekea Kasai, na hata kama yu hai sijui. Sababu ni karatasi moja aliyoisoma kwa uongo, nami nitaifikia.

Kwa wasiojua desturi ya huku: mtu akifa, viti vinapangwa uani, watu wanakaa kilio siku mbili tatu, na kabla ya sanduku kutoka anasimama mmoja na karatasi, anasoma maisha ya marehemu. Sisi Waislamu hatuna mambo hayo, sisi ni dua na kuzika haraka. Kwa wenzetu Wakristo karatasi hiyo ni kitu kikubwa. Ndugu wanagombana kuhusu nani ametajwa na nani amesahauliwa. Na kwenye viwanda, msomaji alikuwa shefu wa marehemu, mkubwa wake wa kazi, kwa sababu shefu ndiye aliyemjua kazini.

Enjenieri hakupamba. Alikufa dereva mmoja wa treni, mlevi wa kupindukia, na watoto wake wakataka isomwe kwamba baba yao alikuwa mfano kwa vijana. Enjenieri alikataa. Aliandika kwamba aliendesha treni miaka ishirini na miwili, kwamba siku moja alisimamisha gari la mizigo kwenye mteremko breki zikiwa zimeharibika, na kwamba miaka minne ya mwisho alikunywa. Akasoma hivyo hivyo mbele ya pasta. Mtoto mkubwa wa marehemu alimfuata hadi dukani kwangu kutaka kumpiga. Enjenieri akamwuliza lipi kati ya hayo matatu ni la uongo. Yule kijana alikaa kwenye benchi akalia mpaka akachoka, nami nikampa maji.

Nilimkemea siku hiyo. Nilimwambia yeye ni mgeni, tena mgeni wa kabila lililofukuzwa, anatafuta nini kuwaudhi watu kwenye vilio vyao? Alinijibu neno ambalo baadaye nilimsikia akilirudia mara nyingi: "Ukiandika kitu hukupima, iko muntu ataumia nayo." Mimi nilidhani ni maneno ya kiwandani tu, nikaendelea kupima sukari yangu.

Kupima ndiko kulikuwa kuishi kwake. Hakuwahi kupeleka pua kwenye kitu. Ukimpa chupa anuse, aliishika mbali na uso, akapunga mkono juu ya mdomo wa chupa ili harufu imjie kidogo kidogo. Alifanya hivyo kwa asidi ya betri, kwa mafuta ya mawese, kwa samaki wakavu wa Kinkondja, hata kwa mchuzi wangu, na hapo nilikuwa namtukana waziwazi. Chumba kilichofungwa hakuingia. Nikimwomba anishushie gunia kutoka stoo, alifungua mlango, akafungua dirisha, halafu akasimama nje kimya kama anayehesabu. Nilimwambia, Enjenieri wangu, humo mna sabuni na chumvi, hamna simba. Wanawake waliokuwa dukani walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka, alimaliza kuhesabu ndipo akaingia.

Alifika mwaka wa tisini na tatu, kwenye yale mabehewa. Waliokuwapo wanakumbuka. Watu wa Kasai waliofukuzwa kusini walipakiwa kama mizigo, na treni ikifika Kamina inakaa wiki, wakati mwingine zaidi, hakuna mafuta, hakuna kichwa cha treni. Walilala kando ya reli na watoto wao na sufuria zao. Walizaa hapo na walizika hapo. Vijana wetu wengine walikuwa wanapita wakiwaimbia nyimbo za kuwatukana, na sitasema kwamba sisi wakubwa tuliwakataza. Treni yake ilipoondoka, yeye na mke wake hawakupanda. Tulidhani mke alikuwa mgonjwa. Mke mwenyewe, mshonaji, mwanamke wa maneno machache, aliniambia miaka baadaye kwamba hakuwa mgonjwa hata kidogo, kwamba alimlilia mume wake waendelee kwao, na mume alikataa bila kutoa sababu.

Kilichomwokoa ni kuhara. Ugonjwa ulipoingia kati ya watu wa mabehewa, halafu ukaingia mtaani kwetu, Enjenieri alikuja dukani akaomba chumvi. Akaiyeyusha kwenye maji, akatumbukiza humo nyaya mbili kutoka kwenye betri ya lori, na maji yakaanza kutoa povu bila moto na kunuka dawa. Dawa hiyo aliitia kwenye mapipa ya maji ya kunywa kwa kijiko, akipima kila pipa, na pipa ambalo halijapimwa alilikalia juu ili mtu asichote. Wale wale vijana wa nyimbo walikuja na ndoo zao. Tangu hapo hakuna aliyemwambia aondoke. Kusema walimpenda nitakuwa nadanganya. Walimvumilia, kwa kuwa maji yake hayakuua mtu.

Treni yoyote ikipita, alitembea kando ya mabehewa akiuliza kama humo mna mtu wa kiwandani. Alikuwa anatafuta habari za maenjenieri wenzake wa kemia, wale aliosoma nao na waliofanya kazi naye, waliotawanyika kila upande. Habari akizipata aliziandika kwenye madaftari ya shule niliyomuuzia, kila mtu na kurasa zake, kisha akanisomea mimi pale kwenye benchi, kwa sababu kilio cha watu hao hakikufanyika popote. Kwa hiyo mimi, mwanamke wa duka ambaye shule yangu iliishia darasa la sita, nazijua kazi za watu hao kuliko wanangu wanavyozijua. Namjua yule aliyegundua kwamba asidi iliyokuwa inamwagwa mtoni inaweza kurudishwa kazini, akabishana na wakubwa miaka mitatu mpaka wakamkubalia. Huyo alifia ndani ya behewa kabla ya kufika Luena na alizikwa kando ya njia. Namjua yule wa kiwanda cha bia ambaye ulimi wake ulitambua kosa kabla ya mashine. Namjua mwanamke pekee wa mwaka wao, aliyesimamia tanuru kubwa wanaume wakimdharau, halafu akaishia Mwene-Ditu anakaanga mikate barabarani, na wanaomjua walisema bado alipima joto la mafuta kwa kipimajoto kabla ya kutia unga. Hapo Enjenieri alitabasamu. Ni moja kati ya mara chache nilizomwona akitabasamu.

Nilimwuliza siku moja kwa nini wa kwake mwenyewe ukurasa haumo. Alisema bado haujakamilika.

Basi mtu huyu wa vipimo alikuwa na jambo moja ambalo halikuingia akilini. Kila Jumamosi alinunua unga kwa mama mmoja mzee, Mluba wa hapa hapa, tuliyemwita Mama Bunga, yaani Mama Unga, aliyekaa mitaa mitatu kutoka kwetu. Bunga yake ilikuwa mbaya. Muhogo wake haukukauka vizuri, bukari yake, ule ugali wetu, ilikuwa chungu, na mke wa Enjenieri alilalamika kila wiki. Hakusikia. Alimwendea yule mama, akamsalimu kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, akapokea unga, akaondoka haraka. Hakuongeza neno. Mimi nikamtania, nikamwambia bibi yako ni mzuri na mdogo, unatafuta nini kwa mama wa watu? Alinikasirikia. Alikaa siku nne bila kuja kwenye benchi, na aliporudi nilijifanya sikumbuki.

Halafu vita ikaja mara ya pili. Base, ile kambi ya ndege za jeshi, ilijaa wanajeshi wa nchi nyingine, ndege zilishuka mchana kutwa, na watu wa kaskazini walifika kwa miguu na baiskeli wakikimbia mapigano. Samaki wa Kinkondja waliadimika. Treni ikawa inapita ikitaka yenyewe. Vilio viliongezeka mpaka Enjenieri akasoma viwili kwa siku, na karatasi zilipoisha aliandika nyuma ya hati za zamani za mizigo ya reli. Alikonda. Kila akirudi kutoka kusoma alinawa mikono kwenye ndoo yangu, muda mrefu, kama anayetoka kushika dawa.

Mvua za kwanza za mwaka huo, mfanyakazi mmoja wa reli alipita dukani na ujumbe kwa Mama Bunga, ambaye alikuwa amekuja kununua chumvi. Ulitoka kwa kaka yake wa Luena. Kaka huyo alikuwa mzee wa machimbo ya makaa, yale yaliyokufa zamani, na alikuwa anaumwa. Alikuwa anamwomba dada yake amtumie bunga kidogo, au aje amwone. Enjenieri alikuwa amekaa kwenye benchi, mlango uko wazi, anasikia kila neno.

Mama Bunga alitema mate chini.

"Afie kule kule. Alikula mutoto wangu, sasa anataka bunga yangu?"

Mimi sikujua habari hiyo, nikauliza kwa upole, na yeye akatoa yote. Alikuwa na mtoto wa kiume, mmoja tu, kibarua kwenye kiwanda cha kusini. Mjomba ndiye aliyemsomesha na ndiye aliyempeleka kutafuta kazi. Siku moja ikaja habari kwamba amekufa. Mama alipanda treni, treni ikachelewa, akakuta kaburi tu na karatasi yenye mhuri. Karatasi iliandika kwamba moyo wake ulisimama.

"Mutoto wa miaka makumi mbili na sita, hana homa, hana kikoho, moyo inasimama yenyewe? Shefu wake njo alisoma ile karatasi: moyo. Karatasi ile njo ilisomwa hapa siku tulimufukuza kaka yangu."

Maana kwao moyo wa kijana mzima hausimami bure. Lazima kuna mtu ameushika kwa uchawi. Wakatafuta katika ukoo, wakamwona mjomba asiye na watoto, aliyetumia mali yake kwa mpwa, wakasema alikuwa anamnenepesha ili amle. Walivunja nyumba yake na kumfukuza na mawe, na dada yake ndiye aliyerusha la kwanza. Hayo alinisimulia mwenyewe, mkono kiunoni, bila haya, kwa kuwa aliamini.

Alipoondoka nilitoka nje. Enjenieri alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Mama Safi," aliniita, kwa jina la binti yangu kama alivyozoea, "shefu mwenye alisoma ile karatasi njo minyi."

Yaani ni yeye mwenyewe. Aliniambia yote hapo hapo, na wateja niliwafukuza. Kule kiwandani kulikuwa na matanki makubwa ambamo mawe yaliyosagwa yanapikwa kwa asidi. Tanki likiisha kumwagwa, vibarua wanashuka ndani kukwangua matope yaliyobaki, na matope hayo wakati mwingine hutoa hewa inayoua bila mtu kujua. Kwa hiyo sheria ni moja: kabla mtu hajashuka, enjenieri anakwenda mwenyewe na kifaa chake, anapima hewa ya tanki, halafu ndipo anatia sahihi kwenye karatasi ya ruhusa. Yeye alipima Jumatatu, hewa ikawa safi. Kazi ikaahirishwa. Alhamisi wakamletea karatasi ofisini, ana wageni, ana simu, naye akakumbuka Jumatatu akatia sahihi palepale mezani. Kijana wa Mama Bunga alishuka ngazi na ndoo na hakupanda tena.

Wakubwa wakasema iandikwe moyo. Hakuna kesi, hakuna maswali, na enjenieri mzuri asipotee. Akaandika moyo. Na kwa kuwa ndiye shefu, desturi ikamtaka asimame mbele ya sanduku asome maisha ya kijana yule, kwa hiyo akasoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kwenye kilio. Treni ya wafukuzwa iliposimama Kamina, alikumbuka kwamba mama wa kijana ni wa hapa, akashuka ili amwambie. Akamtafuta mpaka akampata, akanunua unga, na maneno hayakutoka. Wiki iliyofuata vilevile. Miaka mitano akawa anajiambia kwamba angalau mama ana amani, angalau anadhani mtoto alikufa kwa ugonjwa wa Mungu. Leo ndiyo kwanza anasikia kwamba neno lake moja lilimfukuzisha mtu nyumbani kwake.

Alitaka kumfuata Mama Bunga saa ile ile. Alishasimama. Mimi nikamshika mkono, mimi mwenyewe, na namshuhudisha Mungu kwamba nilidhani namfanyia wema.

"Nyamaza," nilimwambia. "Weye uko Mukasai. Ukisema uliua mutoto ya hapa, bataua weye na bibi yako. Muzee yule ameisha kuzeeka, atakufa hata hivi."

Alinitazama sana. Halafu akakaa.

Mvua zote zile hakusoma kilio chochote. Watu walipomjia alisema macho yanauma. Alikuwa akituma unga Luena kwa mikono ya watu wa reli, bila jina, ule ule unga mchungu alioununua kwa Mama Bunga, kwa hiyo mzee alikula bunga ya dada yake asijue, kama kweli ilimfikia. Mara mbili alikuja asubuhi akaniambia leo nakwenda kumwambia. Mara zote mbili nilimrudisha kwa maneno yale yale, na mara ya pili nilimtaja mke wake, nikaeleza jinsi watakavyomfanya. Nilijua hapo ndipo anapoumia.

Mvua zikielekea kuisha, mfanyakazi yule wa reli alileta habari kwamba mzee amekufa. Walimkuta asubuhi, wafanyakazi wenzake wa zamani wakamzika wao wenyewe. Mchana wake Mama Bunga alikuja dukani amevaa kitenge kizuri, akanunua sukari na sabuni, akasema Mungu amemlipa. Alikuwa na furaha, maskini. Alinisalimu mimi, akamsalimu na Enjenieri kwenye benchi, akamwambia Jumamosi ataleta bunga nzuri kuliko siku zote. Enjenieri alikwenda nyuma ya duka akanawa mikono kwenye ndoo yangu. Kesho yake alipanda juu ya magunia ya gari la mizigo, hata hakuniaga, akaenda Luena.

Alikaa wiki tatu. Mke wake alikuwa anakula kwangu, hatuzungumzi, kila mmoja na sahani yake. Alirudi kwa baiskeli, miguu imevimba, na daftari moja ndani ya shati. Akaomba viti. Sikuuliza vya nini. Nilimpa viti vyangu vinane, na vingine aliazima kanisani, akavipanga uani kwake kama vinavyopangwa kwenye kilio, mistari mitatu, na mbele akaacha nafasi ya sanduku ambalo halikuwapo.

Huku kwetu viti vikionekana vimepangwa hivyo, watu wanakuja. Walikuja mchana ule mmoja mmoja, wanauliza nani amekufa, anawaambia wakae. Nami nilikuja nikakaa mstari wa pili. Mama Bunga alifika na wanaume wawili wa ukoo wake, akapewa kiti cha mbele, na hakujua kwa nini. Enjenieri akasimama kwenye ile nafasi ya sanduku. Siku nyingine alisoma kwa Kifaransa halafu akafasiri. Siku hiyo alisoma Kiswahili tu.

Hakusema alizaliwa wapi. Alisema kazi ya kwanza ya marehemu ilikuwa kusukuma vigari vya makaa Luena, akiwa kijana. Kwamba baadaye alipewa pampu ya kutoa maji machimboni na akaiangalia miaka kumi na minane. Kwamba maji yalipoingia ghafla aliikalia pampu mpaka wenzake wote wakatoka, na mkanda wa mashine ukamkata vidole viwili. Kwamba hakupata mtoto. Kwamba alimsomesha mtoto wa dada yake. Kufikia hapo watu wameshaelewa ni nani, na mmoja wa wale wanaume wawili akasimama kwa hasira. Enjenieri hakuinua sauti wala hakuacha kusoma.

"Banasema alikula mutoto ya dada yake. Hakumukula. Mutoto alikufa na hewa mubaya ndani ya tanki. Mwenye alipashwa kupima ile hewa njo minyi, na sikupima. Niliweka sahihi. Kisha niliandika moyo, na nilisoma moyo mbele ya bantu. Ilikuwa bongo, hapana kweli."

Akakunja daftari. Nilidhani watamrukia. Lakini Mama Bunga aliinua mkono na wale wanaume wakabaki walipo. Alimtazama Enjenieri, yule mteja wake wa kila Jumamosi. Aliposema, alisema polepole.

"Kaka yangu alikufa mwezi jana. Weye ulijua ya kwamba tulimufukuza tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ya kwanza."

"Alikuwa muzima."

"Ndiyo, mama. Alikuwa muzima."

"Alikuwa anaomba bunga." Alimwelekezea Enjenieri kidole. "Ningalienda. Ungalisema siku ile, ningalienda kwa miguu. Nani alikuzuiya?"

Enjenieri alikuwa anatazama mbele yake, juu ya vichwa vyetu, kwenye ukuta. Hakunitazama. Mtu huyu aliyegombana na watoto wa mlevi kwa ajili ya mistari mitatu, aliyekataa kuandika chochote ambacho hakukipima, alifungua kinywa akasema:

"Hapana muntu, mama. Niliogopa tu."

Mama Bunga alivua kitambaa cha kichwa, akateremka kutoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye vumbi na kuanza kumlilia kaka yake kwa Kiluba, na wanawake wote wakateremka wakakaa naye. Nami nilikaa chini pamoja nao na kulia nikalia. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Sikusema neno.